Mwonekano wa filamu noir: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Umeziona picha zile: mwanamume mwenye kofia, ukanda mmoja wa mwanga machoni, moshi wa sigara, na ukutani kivuli kirefu kuliko mwenyewe. Ukurasa huu ni wa anayetaka kujua zilipigwaje. Hadithi zenyewe tutazigusa kwa mbali tu. Hapa shughuli yetu ni taa, lenzi na vivuli.

Filamu noir ni filamu za aina gani?

Kwa sehemu kubwa ni filamu za uhalifu za Marekani, zilizotengenezwa kati ya mwanzo wa miaka ya 1940 na mwisho wa miaka ya 1950. Wengi huanza kuhesabu na The Maltese Falcon ya 1941, wengine hurudi mwaka mmoja nyuma hadi Stranger on the Third Floor, na karibu wote hufunga hesabu na Touch of Evil ya 1958.

Waliozitengeneza hawakuziita hivyo. Kwao zilikuwa filamu za upelelezi, za mauaji, za majambazi. Jina lilitoka Paris. Miaka ya vita Wafaransa hawakupata filamu za Marekani, na vita vilipokwisha zikaingia kwa mkupuo. Mwaka 1946 mhakiki Nino Frank akaona kwamba kadhaa kati yake zina undugu, akaziita "noir", yaani nyeusi. Kwa hiyo ni jina lililobandikwa baadaye, tena na wageni, na ndiyo sababu ubishi hauishi: noir ni aina ya filamu au ni mtindo tu? Mimi niko upande wa mtindo. Chukua kisa cha mapenzi ukimulike kinoir, watazamaji wataanza kumshuku bwana harusi. Chukua kisa cha mauaji ukimulike kila kona sawasawa, kitabaki kesi ya polisi.

Mbona giza jingi hivyo? Walikosa taa?

Taa walikuwa nazo, tena kali. Giza lile ni kazi ya taa, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Hollywood ya miaka ya 1930 ilikuwa na utaratibu wake wa kummulika mtu. Kuna mwanga mkuu, unaotoka mbele kidogo pembeni na kuchora uso. Kuna mwanga wa kujazia, unaotoka upande wa pili kulainisha vivuli ambavyo ule wa kwanza umeviacha. Halafu kuna mwanga wa nyuma, unaogusa nywele na mabega ili mtu asimezwe na ukuta. Ukizipanga zote tatu kwa uwiano wao, nyota anapendeza na kila kitu kinaonekana.

Wapigapicha wa noir walipunguza ule wa kujazia, au wakauondoa kabisa. Nusu ya uso ikatumbukia gizani. Kisha wakauhamisha mwanga mkuu: wakauweka ubavuni, chini ya kidevu, juu ya utosi, au nyuma kabisa ya mtu hadi akabaki umbo jeusi. Tena mwanga wenyewe uliachwa uwe mkavu, bila kitambaa wala kioo cha ukungu cha kuulainisha. Taa ndogo isiyolainishwa hutoa kivuli chenye ukingo kama uliokatwa kwa wembe. Taa pana, au anga la mawingu, hutoa kivuli kinachoyeyuka. Noir iliishi na wembe.

Kwa hiyo ukiitazama fremu nzuri ya noir utakuta daima kuna kitu cheupe kabisa ndani yake: ukosi wa shati, karatasi mezani, ukingo wa kofia. Weusi unapata nguvu kwa sababu weupe upo jirani. Siku hizi mtu huchukua video iliyomulikwa kote kote, akaishusha mwangaza kwenye kompyuta, akaiita noir. Alichopata ni rangi ya majivu.

Mtu wa kumfuatilia kwenye hili ni John Alton. Alizaliwa Hungary, akafanya kazi Argentina kabla ya kutulia Hollywood, na mwaka 1949 akatoa kitabu cha ufundi wa taa, Painting with Light, ambacho wapigapicha wanakisoma hadi leo. Alitumia taa chache na alifanya kazi haraka, jambo lililowafurahisha wenye fedha na kuwaudhi baadhi ya wenzake. Tazama T-Men ya 1947 aliyoipiga na mwongozaji Anthony Mann: kuna sehemu ambazo uso wa mtu unaonekana kwa sekunde mbili tatu halafu unarudi gizani naye bado anaongea. Mwisho wa The Big Combo ya 1955, mwanamke na mwanamume wamesimama kwenye mlango wa banda la ndege, ukungu mbele yao, taa ikitokea upande wa pili. Nyuso hazionekani hata kidogo. Wala huzikosi. Tuzo yake ya Oscar, kwa kejeli ya mambo, aliipata kwa ngoma ya rangi tele ndani ya An American in Paris.

Ile mistari ya kivuli ukutani inatoka wapi?

Kwenye mapazia ya dirisha ya vibao vyembamba vya mlalo, vinavyofunguka na kufunga kwa kuvuta kamba. Yalikuwa mapazia ya kawaida ya ofisi na nyumba za Los Angeles, mji wa jua kali. Weka taa kali nje ya dirisha la seti (chumba cha kuigiza kilichojengwa studioni), geuza vibao, na chumba kizima kinapata michirizi.

Mfano ambao wote waliofuata wameuiga ni Double Indemnity ya 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder na kupigwa na John F. Seitz. Wilder alitaka nyumba ya mwanamke ambaye, pamoja na muuza bima, atakuja kumuua mumewe, ionekane imechakaa kwa ndani, hewa nzito, vumbi halijafutwa. Vumbi la kweli halikamatiki vizuri kwenye kamera, kwa hiyo Seitz akapuliza hewani chembe laini za alumini. Miale inayopenya dirishani ikawa na mwili. Muuza bima anapoingia sebuleni mle, michirizi inampitia kwenye koti kabla hajatenda kosa lolote, na kila mtazamaji anaona nondo za jela bila kuambiwa. Mapazia yamekuja kugeuka mzaha kwenye matangazo ya biashara, lakini pale mwanzo yalikuwa na kazi.

Kama pazia halikuwepo, walikata ubao au kadibodi matundu ya ovyo na kuusimamisha mbele ya taa. Ukuta mtupu wa studio ukapata vivuli vya matawi, vya ngazi, vya chochote.

(Kando kidogo: katika filamu hiyo hiyo mlango wa nyumba ya kupanga ya muuza bima unafunguka kuelekea nje, kwenye ujia, ili mtu aweze kujificha nyuma yake. Milango ya namna hiyo haifunguki hivyo. Hakuna anayelalamika, kwa sababu tukio linakukaba koo.)

Ni kweli mtindo huu uliletwa na Wajerumani?

Kwa kiasi. Filamu za Ujerumani za miaka ya 1920 zilikuwa zimeshajifunza kuonyesha akili iliyovurugika kwa kuvuruga nyumba na barabara. Katika The Cabinet of Dr. Caligari ya 1920 vivuli vingine havikutoka kwenye taa hata kidogo: vilipakwa rangi kwenye seti. Fritz Lang alipotengeneza M mwaka 1931, kivuli cha muuaji kinaangukia tangazo la kumtafuta yeye mwenyewe. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Lang, Wilder na Robert Siodmak waliondoka, wakapitia Paris, wakafika Hollywood. Siodmak akaja kuongoza The Killers ya 1946, ambayo dakika zake za mwanzo ni darasa tosha.

Lakini hadithi hii husimuliwa kana kwamba wakimbizi walibeba giza kwenye masanduku. Angalia waliosimama nyuma ya kamera. Seitz alizaliwa Chicago. Nicholas Musuraca, aliyepiga Stranger on the Third Floor na Out of the Past, alizaliwa Italia. James Wong Howe, wa Sweet Smell of Success ya 1957, alizaliwa China. Gregg Toland, ambaye Citizen Kane yake ya 1941 iliwafungua macho wote, alikuwa Mmarekani wa Illinois. Wafaransa nao walikuwa na filamu zao za ukungu na watu waliokata tamaa, kama Le Jour se lève ya 1939. Mito ilikuwa mingi.

Na vita vilichangia?

Vilichangia kwa njia ya bajeti. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha dola 5,000 kwa vifaa vipya vya kujengea seti za filamu moja. Seti za zamani zikatumika tena na tena, na kivuli ndiyo njia rahisi ya kuzuia mtazamaji asiitambue ngazi aliyoiona kwenye filamu ya mwaka jana. Ngazi ya jumba la kifahari la The Magnificent Ambersons ilirudi kazini ndani ya Cat People, filamu ya kutisha iliyopigwa na Musuraca huyo huyo.

Studio ndogo zilikuwa na dhiki zaidi. Katika Detour ya 1945, Edgar G. Ulmer alihitaji mtaa wa New York, naye mtaa hana. Akajaza ukungu, akaweka nguzo ya taa na vibao vya majina ya mitaa, na wapenzi wakatembea humo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema noir ni umaskini tu. Filamu nyingi za bei rahisi za miaka ile zina mwanga bapa kutoka mwanzo hadi mwisho. Dhiki ilifungua mlango. Aliyeingia ni mwenye jicho.

Kwa nini barabara zimelowa hata kama mvua haijanyesha?

Kwa sababu wafanyakazi wamezimwagia maji kwa mpira kabla ya kupiga. Lami kavu usiku hunywa mwanga wote, na kwenye filamu inakuwa shimo jeusi. Lami iliyolowa inarudisha kila taa ya duka na ya gari, na kwa taa chache tu una mtaa mzima. Mbinu hiyo ipo hadi leo. Itazame kwenye tangazo lolote la gari linalopita mjini usiku.

Tena noir ilipenda usiku wa kweli. Desturi ya zamani ilikuwa kupiga mchana kweupe kwa kichujio cheusi na kupunguza mwanga unaoingia kwenye kamera, kisha kudai ni usiku. Anga ndiyo iliyowaumbua. Kuanzia mwaka 1938 zilipatikana filamu mbichi, yaani tepe za kupigia, zilizo nyepesi zaidi kuhisi mwanga, na taa za kubebeka zikaongezeka, ikawezekana kutoka nje na kupiga gizani.

Na kamera kuinama upande?

Hiyo haikuwa desturi ya kila siku kama watu wanavyodhani. Filamu nyingi za noir zina kamera iliyonyooka. Sifa hii imekuzwa na The Third Man ya 1949, ambayo ni ya Uingereza, iliyopigwa Vienna kati ya magofu ya vita. Carol Reed na mpigapicha wake Robert Krasker waliinamisha kamera mara nyingi kiasi kwamba, kama Reed mwenyewe alivyosimulia, mwongozaji mwenzake William Wyler alimpelekea pimamaji, ya fundi ujenzi, akimsihi aiweke juu ya kamera safari ijayo. Krasker alipata Oscar.

Kilicho cha kawaida zaidi ni kamera kukaa chini, karibu na sakafu, dari likamlemea mtu kichwani. Hapo mkono wa Citizen Kane unaonekana: seti zilijengwa na dari, wakati studio nyingi ziliacha juu wazi kwa ajili ya taa. Mwongozaji wake, Orson Welles, aliendelea na tabia hiyo hadi Touch of Evil, ambako lenzi pana ya milimita 18.5 inafanya pua na tumbo la polisi mnene vijae fremu nzima. Halafu kuna vizuizi: matusi ya ngazi, fremu za milango, madirisha, vioo. Mtu wa noir hapewi nafasi ya kupumua. Ukitaka vioo vikifika mwisho wa uwezo wake, ni mapambano ya bastola mwishoni mwa The Lady from Shanghai ya 1947, ambako hakuna anayejua anampiga mtu au taswira yake.

Wanawake walimulikwa tofauti?

Zamani mwanamke nyota alimulikwa kwa mwanga laini, kutoka juu na mbele, kamera imefunikwa kichujio cha kufuta mikunjo. Noir haikuacha desturi hiyo moja kwa moja. Iliitumia kama mtego: anaingia akiwa ameng'aa, mweupe kuliko chumba, na baadaye, siri ikitoka, mwanga uleule unakuwa mkavu na unatokea pembeni. Mfuate Jane Greer katika Out of the Past. Anatokea Acapulco, Mexico, akiwa amevaa nguo nyeupe, kwenye jua. Mhesabie vivuli kadiri filamu inavyosonga.

Noir lazima iwe nyeusi na nyeupe?

Si lazima, ila wakati ule rangi ilikuwa ghali na ilidai taa nyingi mno. Leave Her to Heaven ya 1945 ni ya rangi, imejaa maziwa na milima ya kupendeza, na mauaji yake yanatokea mchana wa jua. Leon Shamroy alipata Oscar kwa upigaji wake. The Hitch-Hiker ya 1953, iliyoongozwa na Ida Lupino, ni nyeusi na nyeupe lakini sehemu kubwa iko jangwani, juani, na hofu haipungui: huna pa kujificha.

Waigizaji weusi walikuwa wapi?

Mara nyingi kwenye kona ya fremu: mpiga kinanda, mhudumu wa treni, mfagizi. Kwa mtindo uliojengwa juu ya nyeusi na nyeupe, hilo halisemwi vya kutosha. Filamu mbili zinatoka kwenye mkumbo. No Way Out ya 1950 ilimpa Sidney Poitier nafasi yake kubwa ya kwanza kwenye sinema, akiwa daktari. Odds Against Tomorrow ya 1959 ilitengenezwa na kampuni ya mwimbaji na mwigizaji Harry Belafonte mwenyewe, naye ndiye mhusika mkuu. Mwongozaji Robert Wise alitumia filamu ya infraredi, inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, kwenye baadhi ya picha za nje, anga likageuka jeusi na mawingu yakawa meupe ya kutisha.

Kwa anayepiga sisi tunaofanana na Poitier, mtindo huu una faida ambayo Hollywood haikuitumia. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao wake. Ukiimulika kwa mbele inakuwa bapa. Ukiweka taa ubavuni au nyuma kidogo, ukingo wa shavu, paji la uso na shingo vinashika mstari wa mwanga, na umbo linajichora lenyewe. Mafuta kidogo usoni yanasaidia, wakati poda inaua kila kitu.

Naweza kupiga picha ya namna hii kwa simu?

Unaweza, na simu ya kawaida inatosha. Adui yako ni simu kutaka kukusaidia: ikiona giza inaongeza mwanga yenyewe. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, bonyeza na ushikilie hadi mwanga ufungwe, kisha ushushe mpaka weusi uwe weusi. Zima hali ya usiku.

Zima taa zote za chumbani, hasa ile ya dari. Washa moja tu, tochi au balbu tupu isiyo na kofia, na uiweke mbali na kamera. Kadiri taa inavyokaa ubavuni ndivyo uso unavyogawanyika. Kuta nyeupe zitakusumbua, kwa sababu zinarudisha mwanga upande uliotaka uwe giza. Tundika kanga nzito au blanketi la rangi ya giza upande huo, nje ya fremu, uone tofauti.

Kwa michirizi, dirisha la nondo la nyumba zetu linafanya kazi vizuri kuliko mapazia ya Hollywood, nalo lina maua na mapambo ya fundi. Taa iwe nje, mbali, ndogo. Nondo zikiwa karibu na ukuta unaoangukiwa na kivuli, mistari inakuwa mikali; ukuta ukiwa mbali, inafifia. Ubaraza wenye matofali ya matundu nao ni hazina, na jua la saa kumi na moja jioni ni taa ya bure.

Geuza kuwa nyeusi na nyeupe mwishoni, lakini wakati wa kupiga weka simu ikuonyeshe bila rangi. Utashangaa jinsi shati jekundu na ukuta wa kijani vinavyokuwa kijivu kimoja.

Mtindo huu ulikufa?

Televisheni, skrini pana na rangi ya bei nafuu viliusukuma pembeni mwishoni mwa miaka ya 1950. Umerudi mara nyingi. Chinatown ya 1974 iliupeleka kwenye jua na rangi ya mchanga. Blade Runner ya 1982 iliuhamishia wakati ujao, na mapazia yake, moshi wake na mvua yake isiyokatika. Mwaka 2001 Roger Deakins alipiga The Man Who Wasn't There kwa filamu ya rangi, kisha ikachapwa kwa nyeusi na nyeupe.

Nianze na ipi?

Double Indemnity kwa mapazia, Out of the Past kwa kila kitu kingine. Kama huna fedha, Detour na The Hitch-Hiker haki zake zimeisha Marekani na zinapatikana bure mtandaoni. Tahadhari moja: nakala nyingi za bure zimechakaa, vivuli vimekuwa kijivu na sehemu za giza zimejaa chembechembe. Detour ilisafishwa upya mwaka 2018, na ukilinganisha nakala hiyo na zile za zamani utadhani ni filamu mbili. Zima taa za chumbani kabla ya kuanza, na kwenye luninga zima ule mpangilio unaojiongezea mwangaza wenyewe. Ukiona kona ya giza inapanda na kushuka wakati mtu amekaa tu akivuta sigara, tatizo ni luninga yako.